Kipima pombe cha mfukoni bwenini: namba ya kuaminiwa na namba ya kupuuzwa

Vipima pombe vya mfukoni vina majina mengi sokoni, lakini ukivifungua utakuta vitu viwili tu: kihisi cha nusu-kipitishi, au seli ya fueli. Kwa hiyo tathmini hii haifuati nembo, inafuata kilichomo ndani, maana ndicho kinachoamua kama namba ya kwenye kioo ina uzito wowote. Mnunuzi anayefikiriwa hapa ni mwanafunzi wa chuo kikuu, au chumba kizima cha bweni kilichochangishana: watu wanaokaa siku tano bila tone, halafu Ijumaa usiku wanakunywa ya wiki nzima kwa mkupuo, na wenye kipindi au mtihani asubuhi.

Hukumu itangulie. Cha seli ya fueli kinastahili fedha zake kwa kazi moja kubwa, nayo ni kujua asubuhi kama pombe ya jana imeisha mwilini. Cha nusu-kipitishi kisinunuliwe, hasa kile kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo. Na chochote kati ya hivyo, kikizungushwa mezani saa 6 usiku na watu wenye glasi mkononi, kinageuka mchezo, tena mchezo mbaya.

Kilichomo ndani

Cha nusu-kipitishi kina kipande kidogo cha oksidi ya bati kinachopashwa moto na betri. Mvuke wa pombe ukikigusa, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na kifaa hugeuza mabadiliko hayo kuwa namba. Ndiyo maana hukusubirisha kwanza kipate moto kabla ya kukuruhusu upulize, na ndiyo maana hula betri haraka. Udhaifu wake mkubwa ni kutochagua. Moshi wa sigara, mvuke wa rangi, manukato yaliyopulizwa chumbani, vyote hukisumbua. Kibaya zaidi ni asetoni. Aliyefunga kula kwa muda mrefu, anayefuata mlo usio na wanga, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa hutoa asetoni katika pumzi, na kifaa humwandikia pombe ambayo hakuinywa. Kipande hicho pia huchakaa: miezi ikipita, namba huanza kupanda au kushuka zenyewe, na hakuna dalili kwenye kioo ya kukuonya.

Seli ya fueli ni elektrodi mbili za platinamu zilizotenganishwa na tabaka lenye asidi. Ethanoli, yaani pombe yenyewe, ikigusa platinamu huoksidishwa, elektroni hutoka, na ukubwa wa mkondo wa umeme hufuata kiasi cha pombe kilichoingia. Asetoni haiishughulishi. Vipimo vingi vya mkononi vya polisi hutumia teknolojia hiyohiyo. Kwa vifaa vizuri vya aina hii, watengenezaji hutaja kosa la takriban 0.005 juu au chini kwenye kipimo cha 0.050 (namba hizi ni asilimia ya pombe kwenye damu), na kwa kifaa kilichorekebishwa karibuni hilo si ahadi ya kutisha. Lakini nayo haiwezi kutenganisha ethanoli na alkoholi nyingine. Ukishika kifaa kwa mikono yenye kitakasa ambacho bado hakijakauka, mvuke wake unaingia pamoja na pumzi na mtu mkavu kabisa anaonekana amekunywa.

Ipo pia mirija ya kutupa, yenye fuwele zinazobadilika rangi. Inakujibu ndiyo au hapana kwa kiwango kimoja tu, na hapana yake hutegemea jicho la msomaji na mwanga wa chumba. Ni ya dharura.

Kabla ya kulipa, angalia mambo haya kwenye maelezo ya bidhaa: neno seli ya fueli liwe limeandikwa wazi (maneno kama "teknolojia ya kisasa" huficha oksidi ya bati), kuwe na mirija ya kupulizia inayobadilishwa, kuwe na kihisi cha mtiririko kinachokataa pumzi fupi, na muuzaji aeleze kifaa kinarekebishwa wapi na kila baada ya muda gani. Likikosekana la mwisho, unanunua kifaa cha mwaka mmoja.

Namba na vipimo vyake

Hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Kifaa kimoja kinaweza kuonyesha asilimia ya pombe kwenye damu, gramu kwa lita ya damu, au miligramu kwa lita ya pumzi, na kitufe cha kubadilisha huguswa kwa bahati mbaya. Asilimia 0.05 ni sawa na gramu 0.5 kwa lita ya damu, na ni karibu miligramu 0.25 kwa lita ya pumzi. Anayesoma 0.25 ya pumzi akidhani ni ya damu atapiga kelele za ambulensi bure. Anayesoma kinyume chake atalala fofofo wakati mwenzake anahitaji ambulensi. Weka kifaa kwenye kipimo kimoja, andika kipimo hicho kwenye kipande cha karatasi, kibandike mgongoni mwa kifaa.

Kumbuka pia kwamba damu haijapimwa. Kifaa kimepima pumzi, kisha kikazidisha kwa kudhani kwamba pombe iliyo katika mililita 2,100 za pumzi ya ndani ya mapafu ni sawa na ile iliyo katika mililita 1 ya damu. Uwiano huo hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hata kwa mtu mmoja kati ya saa moja na nyingine. Tarakimu ya tatu baada ya nukta ni mapambo.

Kupuliza ni kazi yenyewe

Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba "hiki kifaa ni kibovu" hutokana na namna ya kupuliza. Subiri angalau dakika 15 tangu tone la mwisho, 20 ni salama zaidi. Pombe iliyobaki mdomoni, kwenye fizi na chini ya ulimi hutoa mvuke mwingi kuliko ule wa mapafu, na namba inaweza kuwa mara kadhaa ya ukweli. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi hufanya vivyo hivyo. Ukicheua au kutapika, saa ianze upya, kwa sababu pombe ya tumboni imerudi kinywani. Usivute sigara ukisubiri. Moshi huharibu kihisi chenyewe, si kipimo tu.

Kisha vuta pumzi ya kawaida na kamilifu, funga midomo kwenye mrija, puliza kwa nguvu isiyobadilika kwa sekunde 4 hadi 6 mpaka kilie. Hewa ya mwanzo ni ya mdomoni na kooni. Inayotakiwa ni ya chini kabisa ya mapafu, nayo huja mwishoni. Anayepuliza kidogo akaacha hupata namba ndogo, na hiyo ndiyo mbinu ya kitoto ya wanaotaka kuonekana wazima. Wapo wanaohema haraka haraka kabla ya kupuliza, na kweli namba hushuka kwa kama asilimia 10. Anayebana pumzi kwa nusu dakika huipandisha kwa kama asilimia 15. Pombe ya kwenye damu haijasogea popote.

Rudia baada ya dakika 2 au 3. Tofauti ya vipimo viwili ikizidi 0.02, kuna kitu kimeingilia. Subiri dakika 15 nyingine upime tena. Mwenye homa asishangae kuona namba ya juu kidogo, kwa kuwa hesabu ya kifaa inachukulia pumzi yenye joto la nyuzi 34 za Selsiasi, na pumzi ya moto hubeba mvuke zaidi. Na kifaa kilichokaa kwenye baridi kali kiachwe kwanza kipate joto la chumba. Seli ya fueli ikiwa baridi hufanya kazi kwa kujivuta.

Usiku wa sherehe: hapa kinapoteza alama

Tatizo la kipima pombe katikati ya unywaji ni kwamba kinasoma palipo, hakisomi panapokwenda. Pombe hufikia kilele chake kwenye damu kati ya dakika 30 na 90 baada ya kunywa, na mapema au baadaye kutegemea chakula kilichomo tumboni. Mwanafunzi aliyekunywa toti 4 za haraka bwenini kabla ya kutoka, akapuliza baada ya dakika 20, anaweza kusoma 0.04 na kujiona bado ana nafasi. Pombe yake iko njiani. Akiongeza mbili kwa kutegemea namba ile, anakutana na zote sita kwa pamoja.

Taasisi ya Marekani ya masuala ya pombe, NIAAA, inaita unywaji wa mkupuo ule unaofikisha damu kwenye 0.08 au zaidi, na inakadiria kwamba kwa mtu mzima wa kawaida ni vinywaji 5 kwa mwanamume au 4 kwa mwanamke ndani ya saa 2 hivi, kila kinywaji kikiwa na gramu 14 za pombe tupu. Wanafunzi wengi wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu kwao hiyo ni ya kuanzia. Wanachosahau ni kasi. Kukatika kwa kumbukumbu, ile hali ya kuamka ukisimuliwa uliyoyafanya, huja zaidi damu inapopanda kwa kasi, kwa kawaida ikikaribia 0.16. Mtu hajazimia, anatembea, anazungumza, pengine anatuma ujumbe, ila ubongo umeacha kuandika kumbukumbu mpya. Hakuna anayeweza kuona hilo kwa macho, na yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini havipunguzi namba hata kidogo. Vinaondoa usingizi, na usingizi ndio uliokuwa ukimzuia mtu asiendelee. Aliyezoea pombe naye hudanganyika hivyohivyo: anajisikia mkavu kwenye 0.10 kwa sababu mwili umezoea, huku mikono na macho yake bado yakichelewa. Kwa mtu wa namna hii kifaa kina faida ya kweli, kwani kinamwonyesha pengo kati ya anavyojisikia na alivyo.

Lakini kikundi kikishalewa, kifaa hupewa kazi nyingine: nani atafikisha namba kubwa zaidi. Programu za simu zinazoambatana na baadhi ya vifaa huchochea hilo kwa kuhifadhi rekodi na kuruhusu kuitangaza kwa marafiki. Zima sehemu hiyo siku ya kwanza. Soma pia namba zako zinahifadhiwa wapi. Historia ya ulevi wako ikikaa kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua si jambo dogo utakapoomba kazi au bima.

Asubuhi: hapa ndipo kinapolipa

Chukua wanafunzi wawili, mwanamume wa kilo 70 na mwanamke wa kilo 55. Kila mmoja ameanza saa 4 usiku na kumaliza chupa 4 za bia za nusu lita, zenye kilevi cha asilimia 5. Chupa moja ina mililita 25 za pombe tupu; mililita moja ya ethanoli ina uzito wa gramu 0.789, kwa hiyo chupa ni karibu gramu 20 na zote nne ni gramu 79. Hesabu ya Erik Widmark, mwanasayansi wa Sweden, inayotumika tangu miaka ya 1930, inasema gawanya gramu kwa uzito wa mwili, kisha kwa 0.68 kwa mwanamume au 0.55 kwa mwanamke, kisha kwa 10. Mwanamume anapata 0.166, mwanamke 0.261. Halafu toa 0.015 kwa kila saa iliyopita tangu walipoanza.

Saa 2 asubuhi, karatasi za mtihani zikigawiwa, zimepita saa 10. Mwanamume amebaki na 0.016. Mwanamke bado ana 0.111, juu ya 0.08 ambayo nchi nyingi zimeiweka kuwa mwisho wa kuendesha gari. Mwanamume atafika sifuri saa 3 asubuhi. Mwanamke karibu saa 9 na nusu alasiri. Wamekunywa meza moja, chupa zilezile, na kila mmoja amelala, ameoga, amekunywa kahawa. Ini halikuharakishwa na chochote kati ya hivyo.

Hayo ni makadirio. Chakula hushusha kilele, na kasi ya kuondoa pombe hutofautiana, wengi wakiwa kati ya 0.010 na 0.020 kwa saa. Ndiyo sababu kupima asubuhi kunashinda kukadiria. Vifaa na programu zinazokutangazia "utakuwa sifuri baada ya saa fulani" hutumia kasi moja kwa watu wote. Mwenye kasi ya 0.010 anayeambiwa asubiri kwa saa 8 atahitaji saa 12. Asubuhi hakuna pombe mdomoni, damu inashuka tu, hakuna anayeshindana na mtu, na mpimaji ana akili ya kuisoma namba. Hali zote ambazo kifaa kinazihitaji zimetimia. Mwenye pikipiki, gari, au zamu ya maabara yenye moto na asidi apime, na kama si 0.00 asubiri apime tena baada ya saa moja. Vipimo hivyo viwili vitampa fununu ya kasi yake mwenyewe, jambo ambalo hakuna programu inayolijua.

Programu za kukadiria bila kupuliza zina kasoro ya ziada: zinategemea unachoingiza. Chupa ya pombe kali ya mililita 750 yenye asilimia 40 ina karibu gramu 237. Ikigawanywa na watu wanne ni gramu 59 kila mtu, yaani toti 6 na zaidi za mililita 30. Lakini nani anapima toti bwenini? Kikombe cha plastiki hujazwa kwa jicho, mililita 60 leo, 90 kesho, na kwenye programu huandikwa "moja".

Kisipotakiwa kabisa

Usikitafute kipima pombe mtu akiwa amelala na haamki. Hawezi kupuliza, na hata angeweza, namba ya sasa haikuambii itafika wapi pombe iliyobaki tumboni. Tazama mtu: haamki ukimwita na kumfinya, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi zinaachana kwa sekunde 10 na zaidi, ngozi ni baridi, yenye unyevu, au midomo imegeuka rangi ya bluu au kijivu, anatapika bila kuamka. Moja tu kati ya hizo inatosha kupiga simu ya dharura. Mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kirudishwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke nje, na mtu mmoja abaki naye. Kahawa, kuoga maji baridi na kumtembeza havisaidii. Maji baridi humshusha joto la mwili ambalo tayari linashuka. Wenzake hukawia kwa kuogopa adhabu ya chuo, na kukawia huko ndiko hatari.

Utunzaji

Kila mtu na mrija wake, uoshwe kwa maji na kukaushwa. Ukitumia kitakasa kuusafisha, kipimo kinachofuata ni cha kitakasa. Kirekebishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12, au mapema kikifikisha idadi ya vipimo iliyotajwa kwenye kitabu chake. Fundi hutumia gesi au mvuke wenye kiasi cha pombe kinachojulikana. Kukijaribu nyumbani kwa kusukutua mdomo na bia hakuthibitishi chochote na hukijaza kihisi kupita kiasi. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kupuliza ukiwa hujagusa pombe kwa siku mbili: kisiposoma 0.00 mara tatu mfululizo, kipeleke. Baadhi ya vifaa vina kihisi kinachochomolewa na kubadilishwa kizima, na hivyo ndivyo vinavyofaa zaidi kwa anayeishi mbali na fundi. Kilichotumika usikinunue, maana huwezi kujua kimepulizwa moshi mara ngapi.

Mshindani wa bure

Kuna kipimo kingine kisicho na betri. AUDIT ni maswali 10 yaliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1989, baada ya kazi iliyofanywa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Alama ni 0 hadi 40. Kuanzia 8 unywaji unahesabiwa kuwa wa hatari au unaodhuru. Toleo fupi lina maswali matatu ya kwanza tu: unakunywa mara ngapi, unakunywa vingapi siku ya kunywa, na ni mara ngapi unafikisha sita au zaidi kwa mkao mmoja. Mwanafunzi anayesema "mimi si mlevi, nakunywa wikiendi tu" hupata alama ndogo kwenye swali la kwanza na kubwa kwenye la pili na la tatu, na jumla humshtua. Kipima pombe kinasoma usiku mmoja; maswali haya yanasoma mwaka. Mapungufu yake ni kwamba anayejaza anaweza kujidanganya, na kwamba "kinywaji kimoja" cha maswali haya, cha gramu 10 na si 14 za NIAAA, si chupa moja: ile bia ya nusu lita ni viwili.

Mwenye fedha ya kitu kimoja tu aanze na maswali, hayagharimu kitu. Na ambaye mikono hutetemeka asubuhi mpaka aonje kidogo ndipo itulie, huyo hana haja ya kifaa wala maswali. Amwone daktari kabla ya kujaribu kuacha ghafla, kwa sababu kwa mwili uliofikia hapo kuacha siku moja bila usimamizi kunaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za kwanza.